Jibu kwa msomaji wa Nzuguni: namba za gari zilizo kabatini kwa kijana wako

Swali: "Nina yadi ndogo ya magari ya mtumba hapa Dodoma, Nzuguni, karibu na Nanenane. Kijana wangu yuko Houston, Texas. Amefungua yadi na mwenzake na mimi nimechangia mtaji. Zamani alinitumia picha ya gari aliloliuza, nyuma limebandikwa karatasi yenye namba na tarehe. Sasa anasema karatasi zimefutwa, serikali imempa namba za chuma azitoe mwenyewe, anazifungia kabatini. Juzi Mtanzania mwenzake amemwomba amwazime moja kwa wiki mbili mpaka apate hela ya usajili, na kijana ananiuliza mimi kama kuna ubaya. Sheria za huko zikoje? Na kwa nini sisi wenye yadi huku haturuhusiwi kumpa mteja namba ya muda, wakati anakaa siku kadhaa anasubiri?"

Jibu: Kama umenizidi umri, shikamoo. Nianze na la kijana kwa sababu hilo halingoji: asimwazime. Hata kwa siku moja, hata kwa mtoto wa shangazi yake. Namba zilizomo kabatini si mali yake, ni mali ya serikali ya Texas ambayo amekabidhiwa kama mtunza stoo. Kila moja imeandikwa kwa jina la yadi yake. Akiifunga kwenye gari ambalo hakuliuza, ana njia mbili tu. Moja ni kuingiza kwenye mfumo kwamba ameliuza, na huo ni uongo wenye saini yake. Nyingine ni kuiacha bila kuiingiza, trafiki akiipekua kwenye kompyuta ya gari lake akute namba isiyo na gari. Njia zote mbili zinaishia mlangoni kwa kijana, si kwa aliyeazima.

Sasa tukae tuelezane, maana ukijua mambo haya yametoka wapi hutauliza tena kwa nini wamekuwa wakali hivyo. Nilifanya kazi ya makaratasi kwenye yadi moja kule Texas kabla sijarudi nyumbani na kuingia kwenye uwakala wa forodha, kwa hiyo karatasi hizo nimezichapa kwa mkono wangu.

Namba ya muda ilizaliwa na pengo. Kule gari jipya linatoka kiwandani bila namba. Mteja anakuja Jumamosi jioni, anapenda, anasaini, anataka kuondoka nalo. Ofisi ya kodi ya kaunti, ambayo ndiyo inayosajili, imefungwa. Afanyeje? Sheria ikampa mwenye yadi ruhusa ya kumchapia mteja karatasi ya kutembelea siku 60, huku yeye akipeleka nyaraka za umiliki na usajili. Karatasi ilitoka kwenye mfumo wa intaneti ulioitwa eTAG: unaingiza namba ya chesesi, jina la mnunuzi na tarehe, printa inatema, unaiweka kwenye mfuko wa plastiki na kuifunga nyuma ya gari. Dakika tano, kazi imekwisha. Zilikuwepo pia karatasi za yadi yenyewe, kwa mfano ya kumruhusu mteja alijaribu gari barabarani au ya kulihamisha kutoka mnadani.

Kwa mwenye yadi mwaminifu ilikuwa raha tupu. Ila mfumo haukuwa ukimuuliza mtu yeyote, "Wewe una magari mangapi?" Mwenye leseni aliweza kuchapa karatasi kumi au elfu kumi, printa haikujua tofauti. Wajanja wakaona. Mtu anakodi kachumba, anatundika kibao, anaomba leseni ya kuuza magari, wakati mwingine kwa kitambulisho cha mtu mwingine, kisha hauzi gari hata moja. Anauza karatasi mtandaoni. Kesi moja iliyofunguliwa na waendesha mashtaka wa shirikisho huko Houston mwaka 2021 ilihusu karatasi zaidi ya 580,000. Karatasi za Texas zilionekana mpaka New York, kwenye magari ambayo hayajawahi kukanyaga Texas. Walionunua walikuwa wa kila namna: wengine wanakwepa bima, wengine wanakwepa tozo za barabara, na wengine wanataka gari la kufanyia uhalifu lisilo na mwenyewe. Novemba 2022 askari wa mji wa Grand Prairie alifariki kwenye ajali akilifukuza gari lenye karatasi ya kughushi. Mwaka huohuo mkurugenzi mtendaji wa idara ya magari ya Texas alikuwa amekwishajiuzulu kwa sababu ya kadhia hiyo.

Na usidhani walioumia ni wahuni peke yao. Yadi niliyofanyia kazi, sitaitaja, neno la siri la eTAG lilikuwa limebandikwa kwenye kioo cha kompyuta ya mapokezi, kila kibarua anaona. Jumatatu moja tulifika tukakuta zimetoka karatasi za magari tusiyoyajua, majina ya wateja tusiowajua, zote zimechapwa usiku wa kuamkia Jumapili. Hatukuuza gari usiku huo. Lakini kwenye kumbukumbu za serikali tuliuza, tena kwa wingi. Bosi alikaa wiki tatu akijieleza. Mpaka leo naamini alikuwa na bahati tu, kwa sababu aliripoti asubuhi ileile, kabla ya kuulizwa.

Bunge la Texas lilijaribu kwanza kuziba tundu bila kubomoa ukuta. Mwaka 2021 lilipitisha muswada namba 3927 ulioipa idara uwezo wa kumwekea kila mwenye yadi kikomo cha karatasi, na wa kumfungia mfumo mara moja anaposhukiwa. Baadaye karatasi yenyewe ikabadilishwa sura iwe ngumu kuigiza. Haikusaidia sana. Karatasi ni karatasi, mwenye printa nzuri na muda wa kutosha ataiga. Ndipo mwaka 2023 ukapita muswada namba 718 uliosema kuanzia tarehe 1 Julai 2025 karatasi zife kabisa na mwenye yadi atoe namba za chuma. Karatasi zilizokuwa zimetolewa kabla ya siku hiyo ziliachwa zimalize siku zake, kwa hiyo kufikia mwisho wa Agosti 2025 za siku 60 zote zilikuwa zimekufa.

Kwa hiyo kijana wako yuko sahihi: anazo, na anazitoa yeye. Inavyokwenda ni hivi. Akimuuzia gari mkazi wa Texas, anachukua namba moja kabatini na kuioanisha kwenye mfumo na chesesi ya gari pamoja na jina la mnunuzi. Anachapa risiti ya namba ambayo mteja anatembea nayo, anafunga chuma kwenye gari, mteja anaondoka. Hiyo si namba ya muda tena, ni namba yenyewe. Kisha ana siku 30 tangu siku ya mauzo kupeleka maombi ya umiliki na usajili, pamoja na kodi ya mauzo ya asilimia 6.25, na sasa lazima apitishe kwenye webDEALER, mfumo wa mtandaoni wa idara, si kubeba bahasha kwenda kaunti. Kama gari ameliuza kwa mkopo wa yadi yake mwenyewe anapewa siku 45. Hapa ndipo vijana wengi wanaoanza wanapojikwaa. Wanapokea fedha ya mteja, ndani yake imo kodi, wanaigeuza mtaji wa kununua gari jingine mnadani wakitumaini watairudisha kabla ya siku 30. Zamani karatasi ikiisha mteja alikuwa anakuja kupiga kelele, unajua umechelewa. Sasa ana namba ya chuma, hana wasiwasi, hapigi kelele. Siku zinakwisha kimya. Muulize kijana fedha za kodi anazitenga wapi.

Namba hizo hapewi anavyotaka. Idara inamgawia kwa kuangalia amekuwa akiuza magari mangapi. Akikua ataomba za ziada kwa kuonyesha mauzo. Anatakiwa kuzifungia mahali salama, na ikipotea au ikiibwa aripoti. Mzigo wa hesabu huo ndio dawa ambayo karatasi haikuwa nayo: namba mia zilizoingia lazima zilingane na magari yaliyotoka ukijumlisha zilizobaki kabatini.

Kuna jambo la magari yanayoingia yadini yakiwa tayari na namba, maana kule wateja wengi wanaleta gari la zamani na kuongezea fedha wachukue jingine. Namba za kawaida za gari hilo sasa zinavuliwa, zinafungiwa, na gari likiuzwa kwa mkazi wa Texas zinarudishwa kwenye gari hilohilo. Usizichanganye. Kama gari linakwenda kwa mnunuzi wa jimbo jingine, namba za zamani hazimfuati. Huyo anapewa namba maalumu ya mnunuzi wa nje ya jimbo, yenye rangi ya kijani, na hiyo ndiyo ya muda kweli. Za yadi kwa kuonyeshea na kuhamishia magari zina rangi ya buluu, za usajili wa muda zina nyekundu. Na hizo za yadi nazo zina mipaka: si za kufunga kwenye pikapu ya kubebea spea wala gari la kumpeleka mke sokoni kila siku. Nimeona wenye yadi wa Kiafrika wakiona namba ya buluu ni kama heshima, wanatamba nayo mpaka kanisani. Ni ukaguzi wa kujitakia.

Yote hayo yanasimama juu ya leseni inayoitwa GDN. Texas, mtu anayeuza magari matano au zaidi kwa mwaka bila leseni hiyo anavunja sheria, hata kama anauzia mbele ya nyumba yake. Kuipata unatakiwa uwe na ofisi halisi, kibao cha kudumu, sehemu ya kuonyeshea magari yasiyopungua matano, na tangu 2022 unachukuliwa alama za vidole. Kumbukumbu za kila gari lililoingia na kutoka zinatunzwa miezi 48, na za miezi 13 ya karibuni lazima ziwe palepale yadini, mkaguzi akiingia leo azikute leo.

Halafu kuna dhamana ya dola 50,000, ambayo mpaka 2021 ilikuwa dola 25,000. Hapa nikuombe usikilize wewe kama mwenye mtaji. Wengi wetu tukisikia kampuni ya bima imeweka dhamana tunadhani tumekatiwa bima. Sivyo. Dhamana hiyo inamlinda mteja na wengine wanaouziana na yadi, haimlindi mwenye yadi. Mteja akidai gari lake halikupata hati ya umiliki na mahakama ikampa haki, kampuni inamlipa yeye, kisha inageuka kumdai kijana wako na mwenzake kila senti. Kama kwenye makaratasi ya kuomba dhamana jina lako limo, nawe umo. Hilo hukulitaja kwenye swali lako, na mimi ndilo lililonifanya niandike jibu refu.

Turudi Nzuguni. Kwa nini wewe huruhusiwi?

Kwanza kwa sababu hapa namba haitoki kwa muuzaji. Inatoka kwa msajili wa magari, na kazi hiyo iko TRA. Sheria zinazotuhusu ni mbili: ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973, na ile ya kodi ya usajili na uhamisho wa magari, Sura ya 124. Pili, pengo lile la Jumamosi jioni hapa halipo kwa namna ileile. Magari yetu karibu yote yanashukia bandarini Dar es Salaam, mengi yakitokea Japan. Forodha inalijua gari kwa chesesi yake kabla wewe hujaliona, kodi inakokotolewa juu ya chesesi hiyo, na anayekusanya kodi ndiye huyohuyo anayesajili. Gari lililomo kwenye ghala la forodha halitoki mpaka kodi ilipwe. Kwa hiyo gari linapopita Chalinze kuja huku, halafu Morogoro, Gairo, Kibaigwa, linatakiwa liwe limeshapata namba yake. Kilomita zaidi ya 400 na trafiki wa kutosha. Mtu anayekuambia atakuletea gari "likitembelea chesesi" mpaka Dodoma anakuuzia kesi.

Wateja wako wanaokaa siku kadhaa, nahisi wengi hawasubiri namba. Wanasubiri kadi. Gari la yadi yako lilishasajiliwa kwa jina la aliyeliagiza, sasa linahamia kwa mnunuzi, na kinachochelewa ni uhamisho: mmoja hana TIN, mwingine mkataba wa mauziano una jina tofauti na la kitambulisho, au ushuru wa stempu haujalipwa. Namba ya muda isingemsaidia hapo hata kidogo, kwa sababu gari tayari lina namba, na kwetu namba inakaa na gari mpaka lifie gereji. Ndiyo maana Watanzania tunataja hata umri wa gari kwa herufi, "hiyo ni namba D, ile namba E", jambo ambalo nilishindwa kabisa kuwaeleza Wamarekani. Dawa ya kuchelewa ni wewe kuhakikisha kadi halisi iko mkononi na aliyeandikwa ndani yake yuko tayari kuthibitisha, kabla gari halijapaki yadini. Yadi nyingi zinafanya kinyume: gari linaoshwa, linapigwa picha, linatangazwa, ndipo anaanza kutafutwa mwenye kadi, naye yuko Tunduma. Mteja akichoka anaondoka na gari bila kuhamisha, na faini za trafiki zinazofuata namba ya gari zinaanza kumwandama mtu ambaye gari aliliuza zamani.

Tatu, usiseme hatuna namba ya muda. Tunayo, unaiona kila siku ikipita barabara ya Singida: IT. Gari la Rwanda, Burundi au Congo linashushwa Dar es Salaam, linafungwa namba ya IT, linaendeshwa kuvuka nchi likiwa chini ya dhamana ya forodha. Namba hiyo ni ya safari moja tu, mwendo wa bandari hadi mpakani. Na tazama tulivyoifanya. Pale stendi na kwenye vituo vya mafuta abiria wanapanda IT kwa sababu ni ya haraka na nauli inapatanika, ingawa kupakia abiria humo ni marufuku, na ikipinduka mbele ya Manyoni ndipo watu wanauliza habari ya bima. Wengine wakaenda mbali zaidi, gari linaandikwa la kwenda nje, halifiki mpakani, linabaki humuhumu bila kulipiwa kodi. Tuliokaa kwenye forodha tunaita kudampo. Ukilinganisha na wale wa Houston, ujanja ni uleule: kitu kilichotolewa kwa muda mfupi na kwa kazi moja kinageuzwa mali ya kudumu.

Kwa hiyo ukiniuliza maoni yangu, siyo sheria, ningekataa yadi za Dodoma kupewa namba za muda leo. Si kwa sababu nakushuku wewe. Ni kwa sababu hatujawa na mfumo wa kuhesabu yadi zenyewe. Kuna yadi za kweli kama yako, na kuna dalali mwenye simu mbili na magari ya watu wengine yaliyoegeshwa chini ya mwarobaini, naye anajiita yadi. Texas walianza kutoa kwanza, wakahesabu baadaye, na iliwachukua miaka mingi kurudi nyuma. Siku tukianza, tuanze na leseni ya yadi yenye ofisi na dhamana, ndipo tuzungumze habari ya namba.

La mwisho ni la simu yako kwa kijana. Ukimpigia saa tatu usiku, huko ni saa saba mchana kama ni majira ya joto yao, yuko kazini. Mwambie afungue kabati mkisikilizana, ahesabu namba zilizobaki kwa sauti, kisha alinganishe na mfumo unavyosema. Zikilingana, muulize neno la siri la webDEALER linajulikana na nani. Kama kuna jina zaidi ya lake na la mwenzake, walibadilishe kabla simu haijakatwa. Halafu ndipo muulize habari ya karatasi za dhamana, na nani alisaini.